Kilima Nilichokiandika Kitupu

Nilistaafu jeshini nikiwa kanali, nikarudi Gitega kwenye nyumba yetu ya mtaa wa Mushasha, ambako kengele ya kanisa na filimbi za walimu wa shule jirani ndizo zinazoipanga siku ya mtu. Wenzangu walionitangulia kustaafu walifuga ng'ombe au wakafungua baa. Mimi nilianza kusoma. Nilisoma habari za jeshi letu, za mipaka yetu, za barua ambazo serikali za nje ziliandikiana juu yetu, mpaka mke wangu akasema kwamba sijastaafu bado, ila kambi imehamia kwenye meza ya chakula.

Katika kusoma huko kilitoka kitabu kimoja, si kinene, na baada ya kitabu nikaanza kualikwa redioni kila Jumamosi asubuhi. Nilizungumza kwa Kiswahili. Mama yangu alikuwa binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili hapa Gitega, kwa hiyo Kiswahili ndiyo lugha niliyobembelezwa nayo. Kirundi nilikipata kwa baba, na Kifaransa shuleni. Kifaransa ndicho tulichoandikia ripoti.

Redioni nilikuwa mkali. Niliisema serikali yetu ilipopeleka wanajeshi ng'ambo ya mpaka, kwenye vita vya wengine, bila kuwaeleza mama zao wanaenda kufanya nini. Niliyasema pia mataifa makubwa ambayo hutuhukumu kwa karatasi zilizoandikwa hotelini. "Hakuna aliyefika," ndilo neno nililolirudia. Wasikilizaji walilipenda. Nikipita sokoni Giheta, wenye pikipiki walinipigia saluti na kusema, "Mon colonel, juzi uliwapiga kweli."

Jumamosi moja nilizungumzia kilima kimoja cha Mwakiro, mkoani Muyinga. Watu wa nje waliwahi kuandika, kwa maneno waliyoyakusanya kwenye kambi za wakimbizi Tanzania, kwamba makombora ya jeshi letu yaliua watu kwenye kilima hicho wakati wa vita. Nikasema hawakufika. Nikasema ipo ripoti ya kijeshi ya siku zile, nimeisoma kwa macho yangu na nimeitaja kwenye kitabu changu, inayoonyesha kwamba kilima kilikuwa hakina watu.

"Aliiandika nani?" mtangazaji akauliza.

"Ofisa mmoja kijana," nikasema. "Aliyekuwepo."

Ofisa huyo nilikuwa mimi.

Sikuwa nimemwambia mtu, hata mke wangu. Kwenye kitabu nilikuwa nimeweka tanbihi fupi tu: ripoti ya kikosi, nakala iko kwa mwandishi. Nilijiambia kwamba mwanahistoria hatakiwi kujitanguliza mbele ya ushahidi wake. Hilo lilinitosha kwa miaka kadhaa.

Jumatatu simu ikaita. Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Ni yule mzee wa redio?"

"Ndiye."

"Shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Napiga kutoka Mwakiro. Namba nimepewa na watu wa redio. Ulisema Jumamosi kwamba kilima chetu kilikuwa kitupu."

"Nilisema hivyo."

"Hakikuwa kitupu, mzee. Mimi nilikuwepo."

Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, cha mtu aliyekulia Tanzania. Akaendelea kwa utaratibu, kama mtu aliyeyapanga maneno yake kabla ya kupiga.

"Sijapiga ili tugombane. Nataka uje, nikuonyeshe, halafu uandike vizuri. Wewe mwenyewe ndiye unayesema watu wafike."

Nikamwambia nitakuja. Nilipokata simu niligundua kwamba nilikuwa nimesimama wima, mikono imebana mapajani, kama nilivyokuwa nikisimama mbele ya mkubwa wangu.

Nieleze sasa ilivyokuwa. Nilikuwa luteni wa miaka ishirini na minne. Nilitumwa pamoja na askari kumi na wawili nikaangalie kama kwenye kilima kile bado kuna raia. Hiyo ndiyo ilikuwa amri, hakuna zaidi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na tulipovuka bonde matope yalitufika magotini. Tulisimama kwenye migomba, chini kabisa ya mteremko. Juu kulikuwa na ukungu, nyumba hazikuonekana, wala moshi sikuuona. Wiki iliyotangulia rafiki yangu, tuliyelala vitanda jirani chuoni, aliuawa akipanda kilima kama kile, katika ukungu kama ule.

Hapo ndipo nilipoisikia. Sauti ya kutwanga. Mchi ukipanda na kushuka ndani ya kinu, taratibu, wa mtu mzima asiye na haraka.

Sajenti wangu, aliyenizidi miaka mingi, akanitazama. "Lieutenant, tupande?"

"Hiyo inatoka kilima cha pili," nikasema.

Alijua haitoki kilima cha pili. Nami nilijua. Akasema, "Ndiyo, Lieutenant," tukageuka. Jioni niliandika mstari mmoja kwa Kifaransa safi: kilima kimekaguliwa, hakina wakazi. Nilitia saini. Siku ya pili yake kikosi kingine, kilichokuwa na mizinga ya mota, kilipiga makombora kwenye kilima kile kwa sababu kilidhaniwa kinapitiwa na waasi na, kwa mujibu wa karatasi yangu, hakikuwa na mtu wa kuumia. Mimi nilikuwa nimeshahamishiwa kwingine. Nilisikia milio kwa mbali, nikaendelea kufunga kamba za viatu.

Tangu wakati ule siwezi kukaa mahali panapotwangwa. Kwetu Burundi hilo ni gumu, maana isombe haipikwi bila kutwangwa majani ya muhogo, na kila ua una kinu. Mke wangu alidhani sipendi isombe. Alinipikia maharage kwa miaka thelathini. Majirani wakianza kutwanga asubuhi, mimi huvaa kofia na kutoka, natembea mpaka ng'ambo ya kanisa, na watu huniona kama mzee anayejali afya yake.

Safari ya Muyinga haikuwa rahisi. Petroli ilikuwa haipatikani, kama ilivyo kawaida ya siku hizi, na magari yalipanga foleni kituoni bila dereva ndani. Siku ya tatu nilipata nafasi kwenye gari la parokia lililokuwa likipeleka madaftari Muyinga kupitia Karuzi. Katekista aliyekuwa akiendesha alinitambua kwa sauti. Alitaka tuzungumze siasa za nje: kwa nini mpaka wa kaskazini umefungwa, wanajeshi wetu watarudi lini. Nilimjibu kwa mkato. Akadhani nimechoka.

Muyinga mjini nililala kwa ndugu za mama, wauza vitambaa karibu na msikiti, na asubuhi nikachukua pikipiki mpaka Mwakiro. Nilikuwa nimebeba daftari, kalamu mbili, na ile ripoti ndani ya bahasha. Nilitaka kuamini kwamba naenda kama mwanahistoria.

Mwanamke yule alinipokea barabarani. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, amefunga kitenge kifuani kwa namna ya watu wa shambani, na viganja vyake vilikuwa vigumu. Nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma. Alikuwa ameweka viti viwili uani, viwili tu.

"Wengine nitawaita baadaye," alisema. "Kwanza tuanze mimi na wewe."

Nilifungua daftari. Alisimulia bila kulia. Wakati huo alikuwa na miaka kumi. Watu wa kilima walikuwa wamekimbia kuelekea mpakani, mama yake akiwa na wadogo zake wawili, mmoja mgongoni. Bibi yake alikuwa amevimba miguu, hawezi kutembea. Ikaamuliwa kwamba yeye, binti mkubwa, abaki na bibi siku chache mpaka baba arudi kumbeba. Jirani yao mmoja pia alibaki. Alikuwa na mimba kubwa, akaogopa kuzalia njiani.

"Kwa hiyo mlikuwa watatu," nikasema.

"Hapa, watatu. Nyumba za juu kulikuwa na wazee wengine. Waliokufa wote ni kumi na mmoja. Majina yao ninayo."

"Na makombora?"

"Nilikuwa nimeshuka bondeni kuchota maji. Nilisikia la kwanza nikajilaza kwenye majani. Niliporudi, nyumba ilikuwa chini. Bibi alikuwa ndani. Jirani alikuwa uani. Sikumgusa. Niliondoka na ndoo mkononi, nikatembea nayo mpaka mpakani, sijui kwa nini sikuiacha."

Niliandika yote. Nimefundishwa kuandika hata mabaya yakiwa mbele yangu. Kisha nikauliza swali ambalo sikulipanga. Lilinitoka lenyewe.

"Kabla ya siku ile ya makombora, asubuhi ya ukungu, kuna mtu alikuwa anatwanga?"

Aliangalia daftari, halafu uso wangu.

"Nani amekuambia?"

Niliivuta bahasha karibu.

"Hilo sijamwambia mtu," akasema. "Hata wale walioniuliza kambini. Halikuwa jambo la maana. Nani amekuambia, mzee?"

Nilitoa bahasha nikamkabidhi ripoti. Hakujua Kifaransa, ikabidi nimtafsirie mstari wangu mwenyewe. Nikamwonyesha saini. Nikamweleza kuhusu migomba, ukungu, sajenti, na kilima cha pili. Nilizungumza kwa dakika chache tu. Nilishangaa kwamba jambo lililonikaa kifuani umri mzima linaisha kusemwa upesi hivyo.

Alikuwa ameishika karatasi kwa pembe, kama kitu chenye maji.

"Sisi tuliwaona," alisema hatimaye. "Ukungu ulipasuka kidogo. Tuliwaona chini kwenye migomba mmesimama. Mimi nilitaka kukimbia. Jirani alikuwa anatwanga kisamvu, akasema, usikimbie, ukikimbia watakufuata. Akaendelea kutwanga. Mlipogeuka mkaondoka, akacheka. Akasema, umeona, wamesikia kinu wakajua hapa kuna wanawake, wameondoka. Hawatatufanya kitu." Akaigeuza karatasi upande wa pili. "Jioni ile baba alituma mtu aje atuchukue, na bibi abebwe kwenye machela. Jirani akamwambia arudi. Akasema hapa pana usalama, wanajeshi wanajua tupo."

Kalamu yangu ilikuwa imesimama. Kwa miaka yote nilikuwa nimejihesabia kosa la kutopanda. Sikujua kwamba kuondoka kwangu kulisomwa huko juu kama ahadi.

"Nisamehe," nikasema.

Alisimama, akaingia ndani, akakaa humo kitambo. Nilimsikia akisogeza vyombo. Aliporudi alikuwa amenawa uso.

"Ukiwa redioni uliniita mwongo," alisema. "Hukunijua, lakini ni mimi uliyeniita mwongo. Mama yangu alikufa kambini watu wakimwambia kwamba kilima kilikuwa kitupu. Hayo ya kuniomba radhi yaache kwanza. Rudi pale pale uliposema, useme. Halafu urudi hapa uyasome mbele ya watu, na majina kumi na moja. Siyo ofisa kijana. Useme ni wewe."

"Nitasema."

"Na hii karatasi naibakisha."

Nikamwachia.

Nilifika nyumbani mchana wa siku ya pili. Mke wangu alikuwa akichambua mchele barazani. Niliketi karibu naye, nikamweleza kila kitu, pamoja na habari ya isombe. Alisikiliza bila kuacha kuchambua. Nilipomaliza akaweka ungo chini.

"Na we uko na mi nyumbani miaka yote hii," akasema, "nikafikiri labda mapishi yangu ndiyo mabaya."

Alihamia chumba cha wageni kwa muda wa juma zima. Nilimsikia asubuhi akisali, na siku moja nikamsikia akizungumza na dada yake kwa simu kwa sauti ya chini, akisema, "Mi sijui, sijui huyu mtu nimeishi naye ni nani." Siku ya nane akarudi na mto wake, akauweka kitandani mahali pake, akauliza nitarudi lini Mwakiro. Nikamwambia kwanza redio. Akasema, "Basi tutaenda wote."

Mtangazaji alipoisoma karatasi niliyoiandika, aliitelezesha polepole juu ya meza na kunirudishia. Ni kijana mwenye heshima, alikuwa akiniita baba.

"Baba, hii ni ngumu. Wakubwa hawataipenda. Na wewe mwenyewe, jina lako. Watu wanakuamini."

"Ndiyo maana."

"Unaweza kusema kwamba ripoti ile ilikuwa na makosa. Bila kusema ni ya nani."

"Hivyo ndivyo nilivyofanya mara ya kwanza."

Mwishowe alinipa dakika tano mwanzoni mwa kipindi, kabla ya habari, kwa sharti kwamba nisome tu, pasiwe na maswali. Nilisoma. Nilisema jina langu na cheo nilichokuwa nacho wakati ule. Nilisema kwamba watu wa nje niliowakejeli kwa kutofika waliandika ukweli waliopewa na wakimbizi, na kwamba mimi, niliyekuwa hatua chache kutoka kwenye nyumba zile, ndiye sikufika. Baada ya hapo kipindi changu kiliondolewa kwenye ratiba. Hakuna aliyenieleza sababu, nami sikuuliza. Wenzangu wawili wa zamani waliacha kuniitikia salamu kanisani. Wa tatu alikuja nyumbani, akakaa nusu saa bila kugusa chai yake, akasema, "Umetufungulia mlango sote," akaondoka. Sikujua kama ananishukuru au ananilaumu.

Tulikwenda Mwakiro mimi na mke wangu. Watu walikuwa wamekusanyika nje ya kanisa dogo la kilimani baada ya misa, wengi wao waliorejea kutoka Tanzania, na vijana waliozaliwa huko. Yule mwanamke alisimama kando yangu. Nilisoma karatasi yangu kwa Kiswahili na kwa Kirundi, halafu yeye akasoma majina. Hakutaka niyasome mimi, alibadili mawazo asubuhi ile. Hapa pia siyaandiki, kwa sababu aliniomba hivyo: ni ya kwake na ya kilima.

Wengine waliinama. Mwanamume mmoja aliondoka katikati ya usomaji na hakugeuka nyuma. Kikongwe mmoja alikuja kunishika mkono, akaushika muda mrefu huku akitazama pembeni. Mke wangu alikaa na wanawake kwenye majani, na nilimwona akimfuta mmoja wao machozi kwa kanga yake.

Kisha mzee mmoja akanyanyua mkono. Alikuwa mkulima aliyevaa koti lililopauka mabegani, na aliuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia njia.

"Tumesikia. Tunashukuru kwamba umekuja. Nina swali moja tu. Hiki ni kilima kimoja. Ulikuwa luteni kwa muda gani?"

"Miaka minne."

"Na kila mara ulipotumwa, uliandika?"

"Kila mara."

"Basi na vilima vingine?"

Niliwatazama watu wote wale wakinisubiri. Nikasema sijui. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekumbuka kilima kimoja kwa sababu nilisikia sauti. Sikuwahi kujiuliza kuhusu mahali ambapo sikusikia kitu. Mzee alitikisa kichwa, akaketi.

Njiani kurudi Gitega mke wangu alilala begani kwangu kutoka Muyinga hadi Karuzi. Kesho yake alinisaidia kushusha sanduku la bati lililokuwa juu ya kabati, ambamo niliweka nakala za ripoti zangu zote wakati nilipokuwa najiandaa kuandika kitabu. Nilizitumia kama vyanzo, nikizisoma kwa kuzipitisha macho, kama vitu vya mtu mwingine. Alifuta vumbi, akafungua madirisha, akaketi upande wa pili wa meza akiwa amevaa miwani yake.

"Soma kwa sauti," alisema. "Mi nasikiliza."

Ya kwanza niliikumbuka vizuri. Tulifika, tulihesabu nyumba, tuliongea na watu, na nilichoandika ndicho kilichokuwepo. Niliiweka upande wa kulia. Ya pili inataja kilima kimoja kusini mwa Giheta, asubuhi, mvua, hakuna wakazi. Mwandiko ni wangu, saini ni yangu. Niliisoma mara mbili.

"Hapo mlipanda?" mke wangu akauliza.

Nilifumba macho nikajaribu kuiona njia, matope, askari walionifuata, chochote. Sikuona kitu. Nikamwambia sikumbuki. Akachukua kalamu, akaandika jina la kilima kwenye karatasi nyeupe, akanisogezea ya tatu.